Mguu Uliosukuma Mfereji

Tabita mwanangu,

Salamu siandiki. Tumeonana asubuhi, nimekufinya shavu, ukanisukuma mkono ukasema, "Bibi, mimi si mtoto tena." Salamu gani nyingine unataka? Sasa umeteremka Nyamirambo kuchukua gauni lako kwa fundi. Nakujua. Ukitoka kwa fundi utapita kuaga wenzako, mtashikana shingo, mtalia, na kilio cha wasichana hakina haraka. Nimepata nafasi. Nimekaa kibarazani na kalamu, nataka nimalize kabla jua halijaingia nyuma ya mlima Kigali, maana siku hizi taa ya mafuta na macho yangu hawasemezani.

Habari ya sweta, ya maji ya kuchemsha, ya kutompa mtu mkoba wako stendi, humu hutaikuta. Nimekuimbia hayo mpaka wewe mwenyewe unaitikia kiitikio.

Mwandiko wangu unaujua. Shule sikuiona. Kusoma nilijifunzia katika darasa la ubatizo kule Mara, baba yangu alipokuwa akichimba dhahabu ya wenyewe, na nilijifunza kwa Kiswahili. Kinyarwanda nakisema, naota nacho, nagombana nacho, lakini mkono wangu unajua Kiswahili tu. Mistari ikipanda mlima, pindisha karatasi.

Jana jikoni uliniuliza jambo, nikakujibu kwa kubamiza kifuniko cha sufuria. Lile halikuwa jibu. Jibu ni hili.

Uliniambia, "Bibi, kwani hilo neno lina uzito gani? Simama tu mbele yao useme, 'Nimekosa, ndugu zangu, nisameheni.' Ili kesho unioshe miguu wewe, si Mzee Eliya."

Tabita, hakuna kitu ninachokitaka kuliko kuishika hiyo miguu kesho. Kwetu mtu akiondoka safari ya kwenda kukaa, aliyemlea humwosha miguu mbele ya ndugu wote, ndipo njia inafunguka. Nimekulea mimi. Mgongo huu umekubeba. Na kesho nitasimama kando na birika la maji ya moto kama mtumishi wa hoteli, nimtazame Eliya akipiga magoti pangu. Nachefuka. Nimetafuta neno la adabu zaidi, sikuliona. Nachefuka kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali akaambiwa ale na ashukuru.

Lakini neno lile sitalisema. Nataka ujue kwa nini, usije ukafika huko ziwani kwenye chuo chenu cha uuguzi ukawaambia watu bibi yako ana kiburi. Kiburi ninacho, tele. Hili si hicho.

Huko watakufundisha sisi ni watu gani kwa maneno ya vitabu. Chukua na yangu. Sisi ni watu wachache. Hapa Kagarama nyumba chache, Kibagabaga chache zaidi, Bujumbura kidogo, Bukavu kidogo, kisha wengi kule upande wa Mara. Hatuna askofu mwenye gari. Tunatembeleana kwa baiskeli na kwa mabasi mabovu, na kila nyumba inajua kitanda cha mgeni kiko wapi. Hatubatizi kichanga, tunangoja mtu ajue anachokisema. Silaha hatushiki. Hatuapi, maana ndiyo yetu ni ndiyo, na anayehitaji kiapo juu yake amekwisha kutuita waongo. Na tunatawadhana miguu. Majirani wanatuita waosha-miguu. Mama Zuhura, mke wa huyo fundi wako, aliniuliza siku moja, "Sisi Waislamu kila mtu anajitawadha mwenyewe. Ninyi mpaka mtawadhane? Mikono yenu haifiki chini?" Nikamwambia, "Inafika, shogangu, ila magoti ndiyo hayataki." Tukacheka. Yule mama ameelewa dini yetu kuliko wengi waliomo.

Nami niliwapenda watu hawa. Nawapenda. Ndiyo maana nachefuka. Asiyempenda mtu hachefuki naye, anampita tu.

Sasa ile Oktoba ya mwaka wa tisini. Ulikuwepo, lakini ulikuwa ndani, na mambo mengine hukuyasikia. Vita vilikuwa vimeanza kule mpakani, usiku mmoja risasi zikalia mjini mpaka asubuhi, na kulipokucha wakaanza kukusanya watu. Ibyitso, walisema, washirika wa adui. Mshirika alikuwa nani? Mtutsi mwenye redio. Mtutsi asiye na redio. Mtu aliyewahi kugombana na jirani juu ya mpaka wa migomba.

Anasitazi seremala, ndugu yetu wa mkate mmoja, aliyeyaranda mabenchi tunayokalia, alitokea kwangu upande wa nyuma, miguu mitupu, msumeno mkononi. Nadhani alipokimbia aliona lazima achukue kitu, na mkono ukachukua unachokijua. Akasema, "Mama Roda, wako kwangu." Sikuuliza akina nani.

Kisima cha ubatizo unakijua, lile shimo la saruji babu yako alilolijenga chini ya banda letu la ibada, lenye mbao juu. Lilikuwa kavu. Nilimteremsha humo, nikarudisha mbao, nikatandaza juu yake mihogo iliyokuwa ikikauka, nikaketi juu ya mihogo na ungo wa maharage. Nilipotazama juu, askari watatu walikuwa wamesimama mlangoni kwa Mzee Eliya.

Nyumba yake na yangu unajua zilivyo. Akipiga chafya, mimi huku nasema afya. Nilisikia kila neno, nao wakiongea kile Kiswahili chao cha kambi.

"Umemwona Anasitazi?"

"Nimemwona."

"Iko wapi?"

"Alielekea kwa Roda."

Basi. Hawakumpiga. Hawakumwekea bunduki kifuani. Waliuliza kama mtu anayeuliza bei ya mkaa, naye akajibu kama mtu anayetaja bei ya mkaa. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Aliufunga polepole, usigonge. Mwanangu, ule mlango ndio ulionitia kichefuchefu ambacho hakijatoka. Neno linaweza kumponyoka mtu. Mlango haumponyoki mtu.

Wakaja kwangu. Mukecuru, bibi kizee, ndivyo walivyoniita.

"Mukecuru, ule mtu iko wapi?"

"Mtu yupi?"

"Anasitazi. Mzee ya pale juu anasema iko hapa."

"Mzee wa pale juu ni mzee. Yule alipita, akashuka bondeni."

Wakaingia ndani. Wakageuza kitanda changu, wakatawanya kuku, wakafungua hata pipa la unga, kana kwamba Anasitazi ni panya. Walipotoka, mvua ikaanza, ile mvua ya Oktoba isiyobisha hodi. Wakakimbilia bandani, wakasimama mbele yangu wakitoa maji kwenye kofia. Mkubwa wao, mwenye sharubu, akatazama mabenchi, akatazama beseni ukutani, akanitazama mimi.

"Ninyi ni wale waosha-miguu?"

"Ndio sisi."

"Shangazi yangu alikuwa na jirani kama ninyi. Hamusemaka uongo, ninyi."

"Hatusemi."

"Na hamuapaka."

"Hatuapi."

"Basi wewe apa. Mutu ya kwenu akiapa, hiyo ni kweli ya mwisho."

Mpumbavu hakuwa. Nikaweka ungo chini nikasema, "Naapa kwa kaburi la mume wangu Yosia, lile unaloliona pale, hapa kwangu hamna mtu."

Akaniamini. Sikiliza hapa, Tabita, maana mambo yote yako hapa. Hakuniamini kwa uso wangu. Aliniamini kwa sababu ya babu yako, na ya Eliya, na ya kila ndugu aliyewahi kurudisha kuku wa jirani kabla jirani hajajua amepotea. Kweli yao yote ya miaka na miaka niliikusanya nikaitia katika uongo mmoja. Nilijua ninachofanya. Na ningefanya tena kabla hujamaliza kusoma mstari huu.

Lakini mvua haikukatika, nao hawakuondoka. Na lile bati lililokunjwa, mfereji unaoshuka kwenye nguzo kutoka paani, babu yako alikuwa ameuelekeza mdomo wake kisimani, ili maji ya Mungu yawabatize watu wa Mungu. Yosia na mawazo yake mazuri! Nikayasikia maji chini yangu. Kwanza yalilia kama maji yanayopiga saruji. Baadaye yakalia kama maji yanayoingia katika maji. Nikajua yanapanda. Mtu amejikunja mle chini, juu yake mbao, juu ya mbao mihogo, juu ya mihogo mimi, na askari mmoja ananiuliza kama haya maharage yataiva leo. Nikatafuta neno. Mimi, ninayekosa vyote duniani lakini neno silikosi, nikalikosa.

Ndipo ulipotoka ndani. Ulikuwa mwembamba kama mwiko. Hukumtazama mtu, hukusema kitu. Ulipita na ndoo kama msichana anayekwenda kukinga maji ya mvua, ukafika kwenye nguzo, na kwa mguu wako wa kulia ukausukuma mfereji, mdomo ukatoka kisimani ukaelekea uani. Ukatega ndoo. Maji yakapiga ndoo, na chini yangu kukanyamaza. Mwenye sharubu akasema, "Binti iko na akili." Ukarudi ndani.

Walipoondoka tulimtoa. Maji yalikuwa yamemfika kifuani pale alipoketi. Msumeno bado alikuwa ameushika. Akasema huku meno yakigongana, "Mama Roda, mmenibatiza mara ya pili." Unakumbuka tulivyocheka? Tuliziba midomo kwa kanga. Maana hiyo ndiyo aibu tuliyotukanwa nayo tangu mababu wa imani hii, kwamba sisi ni wabatizaji wa mara ya pili, na wewe ndiwe uliyeyaona matusi hayo yakitimia kwa mtu mwenye msumeno. Giza lilipoingia alishuka upande wa Bugesera, akavuka mpaka. Huko aliko anaranda mbao, ana mke, na hawamfikii.

Kosa langu, mwanangu, ndilo hili: Jumapili iliyofuata nilisimama mwenyewe nikasimulia. Sikushtakiwa na mtu. Nilidhani ni ushuhuda! Nilidhani tutaimba! Nikasimulia yote, uongo na kiapo na kaburi la Yosia, ila mguu wako tu nikauacha, sijui kwa nini, nadhani tumbo liliniambia. Nikawa naongea na huku naona nyuso zinaanguka, moja, nyingine, nyingine. Nilipoketi hapakuwa na aliyesema amina. Nikanawa uso kwa mikono mikavu.

Eliya akasimama, machozi yakimtoka, kweli yalikuwa machozi, akasema dada yetu amedanganya na ameapa, vitu viwili, na mpaka atubu hatakaa mezani wala hatashika beseni. Wakakubali wote. Na Eliya mwenyewe? Eliya alisema kweli. Kwa Eliya hapakuwa na la kuuliza.

Tangu hapo wanaabudu kwenye banda langu, juu ya kisima cha mume wangu, na mimi nakaa nje kwenye kigoda. Siku ya kutawadhana, maji wanayooshana nayo ni mimi ninayeyapasha, kwa mkaa wangu. Wewe huwa unakuja kuyachukua, na macho yako huwa hayajui pa kukaa. Nayaona. Sijawahi kukulaumu.

Na mtu akikaa nje huona mengi. Nimeona ndugu wanakuja siku ya kutawadhana na miguu waliyokwisha kuiosha nyumbani. Kwa sabuni! Mmoja amepaka mafuta. Sasa wanaoshana nini? Maji yangu wanayamwaga masafi kama yalivyoingia. Zamani kule Mara beseni lilikuwa linatoka na matope, na mavi ya ng'ombe, na damu ya mtu aliyejikwaa, unaosha mpaka unataka kutapika, na ukimaliza yule mtu ni ndugu yako kwa sababu umeona kucha zake. Haya ya sasa ni maigizo.

Na nimeona jambo baya kuliko hilo. Zamani ulimwosha aliyeketi karibu yako, basi. Siku hizi kabla ya beseni kufika kuna watu wanakohoa, wanasimama, wanakwenda kutema mate nje, na wakirudi wanakaa benchi jingine. Nilifikiri ni kifua. Kisha nikaanza kuangalia nani anakaa karibu na nani akirudi. Mhutu anamwosha Mhutu. Mtutsi anamwosha Mtutsi. Hakuna aliyesema, hakuna aliyeamuru, wote wanakohoa tu. Watu hawa hawatashika panga, naamini, lakini kikohozi chao kimekwisha kulishika. Na ni haohao walionitenga mimi, wapate kubaki safi.

Juzi ulipokuwa sokoni Eliya alikuja. Hakuketi, maana kuketi na mimi hakuruhusiwi, basi akasimama na fimbo yake kama mwizi wa kuku.

"Roda, dada yangu. Mtoto anaondoka. Sema neno moja."

"Neno gani?"

"Kwamba ulikosa."

"Nilikosa nini? Nilikosa kumtoa kwa wale askari?"

"Ulikosa kusema kweli. Sikiliza. Kesho wakija tena, nikawaambia hapa hamna mtu, na kweli hamna mtu, wataniamini? Ulitumia kitu ambacho si chako peke yako. Kilikuwa chetu sote."

Hapo alinikamata, siwezi kusema hakunikamata. Nimelilalia jambo hilo sana. Nikamwambia, "Eliya, hilo ni kweli. Nilikitumia chote. Sasa niambie, mlikuwa mnakiweka cha nini?"

Akanyamaza. Nikamwambia, "Na wewe ungenyamaza hivyohivyo siku ile. Mdomo una mlango kama nyumba. Mbona wa nyumba uliukumbuka?"

"Kunyamaza na huku unajua, nako ni uongo. Mababu zetu wa imani walizamishwa mitoni kwa sababu walikataa kunyamaza."

"Walizamishwa wao, Eliya! Walisema kweli juu ya nafsi zao, wakazama wao. Wewe umesema kweli akazame Anasitazi. Tofauti hiyo hata mbuzi wangu anaijua."

Akatazama chini. Akasema, "Mimi nina amani." Sauti yake haikuwa na amani hata kidogo. Akageuka, na alipogeuka nikaona anavyoshika kiuno, nikakumbuka mwaka jana. Hili nalo lijue, usimchukie. Mwaka jana vijana wa doria walimletea rungu, wakamwambia kila mwanamume atembee nalo usiku. Akakataa. Wakampiga kwa rungu hilohilo. Hakuinua hata mkono wa kujikinga, mzee mzima, analia tu kama mtoto na kusema hapana. Aliletwa kwangu kwa sababu mimi ndimi ninayejua kukanda. Nikamkanda mgongo kwa maji ya chumvi, jioni baada ya jioni, yule asiyekula nami. Nikamwuliza, "Kwa hiyo mgongo unaruhusiwa, mguu umekatazwa?" Akacheka akaumia mbavu.

Sasa niambie, Tabita, mtu kama huyo utamfanya nini? Ana moyo wa kupigwa mpaka kufa, na hana moyo wa kufunga mdomo. Alinitia kinyaa na akanitoa machozi kwa wakati mmoja, na mkono wangu ulikuwa mgongoni kwake. Utakutana na watu wengi wa namna yake, hasa kwenye dini. Sina dawa yao. Wakande tu, na usiwaambie nani yuko chini ya mbao.

Kuna jingine, na hili unalijua nusu. Mama yako, Keziya wangu. Unajua alitengwa kwa kuolewa na askari. Usilolijua ni asubuhi aliyoondoka. Alisimama uani na sanduku, akavua viatu. Hakusema, alivua tu viatu akasimama, vumbi limemfika kwenye vifundo. Alikuwa ananiomba. Nami nilikuwa mkristo mzuri siku ile, Tabita, ndugu walikuwa wamesema, ndiyo yangu ilikuwa ndiyo. Nikageuka nikawa napepeta mtama. Nilipepeta mtama uliokwisha kupepetwa. Nikasikia anavaa viatu.

Miguu yake niliiosha mara moja baada ya hapo, kule Ruhengeri, siku mbili baada ya wewe kuzaliwa. Wakaniruhusu wote, hakuna aliyesema neno. Maiti hatengwi. Miguu ilikuwa safi, wauguzi walikuwa wamekwisha kuiosha. Baba yako akanipa wewe umefungwa kwenye koti la jeshi, mtu mkubwa vile, akasema, "Mama, mimi sijui kushika." Nikamwonyesha. Ndipo nilipoanza kuondoka katika ukristo mzuri, na sijarudi.

Kwa hiyo ukiniambia, "Bibi, ni neno moja," ndivyo nilivyofikiri mimi pia kwenye ule mtama.

Sasa nimefika nilipokuwa naenda. Nikisimama kesho niseme nilikosa siku ile, nasema na wewe ulikosa. Huwezi kuutenga uongo wangu na mguu wako. Mimi nilidanganya kwa mdomo, wewe ukadanganya kwa mguu na ndoo, na wangu bila wako ungekuwa kaburi la Anasitazi lenye mihogo juu. Neno langu lilimficha, mguu wako ndio uliomwacha hai. Nikitubu hilo, ninautubia mguu huo, na mimi mguu huo sitautubia mbele ya Mungu wala mbele ya Eliya. Hata ningepewa beseni la dhahabu. Siwezi kununua ruhusa ya kuosha mguu kwa kusema mguu ule ni mchafu.

Barua hii nitaiweka chini ya mto wako. Isome peke yako. Usisafiri nayo. Humu mna jina la Anasitazi, na njia ya Rusumo ina vizuizi vyenye watu wanaopenda sana kusoma siku hizi. Ukimaliza, itie kwenye makaa ya jiko la bandani. Utayakuta yanawaka, maana ndugu watafika kukipambazuka, na mimi nitakuwa pale kabla yao, nikipasha maji kama kawaida yangu. Beseni halitakuwa ukutani. Litakuwa chini, mbele ya benchi.

Sitakuamsha. Sitakuita. Nisikie vizuri: ukilala mpaka wafike, ukaoshwa na Eliya na njia yako ikafunguliwa kwa utaratibu, utakuwa hujanikosea. Nitanuna kidogo, lakini hutakuwepo kuona. Ila ukija, usije na miguu uliyokwisha kuiosha, nitakufukuza kwa kata ya maji. Njoo na vumbi lote la Nyamirambo. Nitaanza na wa kulia.

Eliya atakapoushika ataukuta umelowa. Ni mzee, lakini si kipofu. Atauliza nani amekuosha. Usinifiche, mwanangu, mimi sipo chini ya mbao. Ndiyo yako iwe ndiyo. Mwambie, "Bibi."

Ukimwambia nilianza na wa kulia, akauliza kwa nini, hapo sikutumi. Hiyo ni kweli yako mwenyewe, na ya namna hiyo ndiyo mababu walizama nayo. Ukitaka kuitoa, itoe. Ukitaka kufunga mlango, funga. Mimi nimekaa nayo tangu ile Oktoba, nje kwenye kigoda changu, na sijaiona ikinichafua.

Nasikia unacheka na mtu huko njiani. Hukulia sana basi. Naficha kalamu.

Bibi yako anayekupenda mpaka kucha,

Roda